Kijana wa kuasiliwa anapokutana na waliomzaa: kwa nini siku ile huharibika

Kijana wa miaka 16 amejiandaa wiki nzima. Jina la mama aliyemzaa analijua, picha yake ameiona, na ameambiwa kwamba yeye ndiye kifungua mimba. Wanakutana kwenye mgahawa mdogo, wanasalimiana, na kabla chai haijamiminwa mwanamke mmoja anapita karibu na meza: "Mama Neema, za tangu juzi?" Yule mama anaitika. Neema ni mtoto wa pili, kazaliwa miaka minne baadaye. Kijana ananyamaza, na hadi mwisho hasemi zaidi ya "ndiyo" na "hapana". Watu wazima wanaondoka wakilalamika kwamba mtoto ana kiburi.

Hakuna aliyemkosea adabu. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na kijana amesikia kwa masikio yake kwamba mtaa mzima unahesabu watoto wa mama huyu kuanzia Neema. Angeambiwa wiki moja kabla angeumia akiwa nyumbani kwake, angelala nalo, na angekuja akiwa analijua.

Mikutano hii huharibiwa zaidi na habari mpya inayomfikia kijana akiwa mezani mbele za watu. Machozi hayaiharibu. Hata swali la "kwa nini mlinitoa?" haliiharibu, mradi lijibiwe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla, na siku yenyewe hupangwa iwe fupi, ya watu wachache, isiyo na jipya la kutangaza.

Nazungumzia Tanzania Bara, na vijana wa miaka 14 hadi 17 walioasiliwa, yaani waliopewa wazazi wapya kwa amri ya mahakama. Waliolelewa na ndugu bila karatasi, na wale wa Zanzibar, nitawagusa mbele kidogo, maana mambo yao yana sura nyingine.

Habari zitangulie

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaiweka amri ya kuasili mikononi mwa Mahakama Kuu. Amri ikishatolewa, haki na wajibu wa waliomzaa mtoto huhamia kwa walioasili, na mkutano haubadilishi hilo hata kidogo. Pande zote mbili zilisikie hili kutoka kwa afisa ustawi wa jamii kabla ya kuonana, ili mama aliyemzaa asije na tumaini la kumrudisha mtoto, na mlezi aliyemwasili asije na hofu ya kunyang'anywa. Sheria hiyohiyo inampa mlezi jukumu la kumweleza mtoto kwamba aliasiliwa na kwamba wazazi wake ni akina fulani, mtoto akiwa amefika angalau miaka 14 na ikiwa ni kwa manufaa yake. Mwingine haruhusiwi kumtangulia. Shangazi anayeropoka msibani na jirani mwenye kinyongo hawana ruhusa hiyo, ingawa ndio wepesi zaidi wa kuifanya kazi hiyo.

Kutoka siku ya kuambiwa hadi siku ya kukutana, ipite walau miezi sita. Kijana aliyeambiwa Machi na kukutanishwa Aprili anakwenda kumkabili mtu ambaye bado hajaamua kumwitaje hata kichwani mwake. Tazameni pia kalenda ya shule. Mitihani ya taifa ya kidato cha pili na cha nne hufanyika karibu na Novemba. Aliye kwenye madarasa hayo asipangiwe mkutano kuanzia Agosti hadi amalize. Mwanzo wa likizo ya katikati ya mwaka unafaa, kwa kuwa siku kadhaa zinafuata ambazo hazimdai chochote.

Habari zenyewe zinapatikana wapi? Anzeni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ambako shauri la kuasili lilianzia. Kama mtoto alipitia kwenye makao ya watoto, huko mara nyingi kuna jalada lenye tarehe aliyopokelewa, aliyemleta, uzito wake siku ile, na wakati mwingine picha. Mahakamani kuna taarifa ya uchunguzi wa kijamii iliyowasilishwa wakati wa shauri. RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, wana daftari la watoto walioasiliwa, lakini kiungo kati ya cheti cha kwanza cha kuzaliwa na usajili wa baadaye hakiko wazi kwa kila anayekwenda dirishani. Kukifikia ni kwa amri ya mahakama. Ndiyo maana nasema muanze kwa afisa ustawi wa jamii, hata kama ni mtu wa kuzungushana naye wiki mbili tatu.

Kuna watoto waliookotwa, ambao jalada lao lina jina la mtaa na tarehe basi. Kwa hao hakuna wa kukutana naye, na mlezi asimpe kijana matumaini ya kumtafuta mtu kwa tangazo la redio.

Mama akishapatikana na akaridhia, afisa amtembelee peke yake, bila kijana na bila mlezi, akiwa na maswali yaliyoandikwa. Mtoto alipewa jina gani alipozaliwa, na nani alimpa? Jina hilo limeshapewa mtoto mwingine? Una watoto wangapi, wana umri gani, wanaishi na nani? Mtaani unaitwa mama nani? Mume uliye naye sasa anajua? Baba wa mtoto anajua, yuko hai, yuko wapi? Uamuzi wa kumtoa ulifanywa na nani? Kuna selimundu, kisukari, kifafa au shinikizo la damu kwenye ukoo? Ungependa akuiteje?

Swali la selimundu lisirukwe kwa aibu. Kijana anaweza kuwa mbebaji bila dalili yoyote, na siku atakapotaka kuoa atahitaji kulijua. Kipimo cha damu kinamaliza ubishi.

Swali la mume ndilo lenye mtego mkubwa. Kama mume hajui, mkutano utafanyika kwa kificho, na kijana atagundua kwamba hata leo anafichwa. Wapo wanaokubali kukutana hivyo na wapo wanaokataa. Mwenye haki ya kuchagua ni kijana, na hawezi kuchagua asichoambiwa.

Majibu yote anayapata kijana wiki moja au mbili kabla, kutoka kwa mlezi, wakiwa nyumbani. Baada ya hapo zipite barua, moja kila upande, ukurasa mmoja, pamoja na picha ya mama alipokuwa na umri wa kijana huyu. Picha ya namna hiyo ina nguvu kuliko ya sasa, kwa sababu kijana anaona msichana wa rika lake, na hasira yake inapata sura ya kweli ya kuikabili. Kama mama hajui kuandika, arekodi sauti ya dakika tatu kwenye simu ya afisa.

Jambo moja la historia lielezwe wazi. Hadi Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliojifungua wanaweza kurudi darasani, mimba kwa mwanafunzi ilikuwa na maana ya kufukuzwa shule. Kijana aliyezaliwa 2009 amekulia kipindi ambacho swali la "kwa nini hukurudi shule ukanilea?" linaonekana la kawaida. Kwa msichana wa kidato cha tatu wa wakati ule, mlango huo haukuwepo.

Baba na mama, siku tofauti

Kosa linalofanywa na watu wenye nia njema kabisa ni kuwaita wazazi wote wawili siku moja, ili kijana "amalize". Watu hawa wawili huenda hawajazungumza kwa miaka 15. Wakiketi meza moja, dakika kumi za kwanza ni za kijana na zilizobaki ni za kwao: nani alikimbia, nani hakutuma matumizi, nani alimwambia nani asaini. Kijana anabaki kama hakimu asiyejua shauri linahusu nini. Mama aanze, baba afuate baada ya mwezi au zaidi, au kinyume chake kama ndiye aliyemtafuta.

Baba naye ana lake. Wengine hawatokei. Wengine wanatokea na neno moja, "nataka DNA kwanza". Kauli hiyo kijana asiisikie mezani. Afisa aiulize mapema, na kama baba ana shaka ya kweli kipimo kifanywe kabla. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupokea maombi ya aina hii kupitia mahakama, ustawi wa jamii, wakili na mamlaka nyingine zinazotambuliwa kisheria. Mtu hajiendei tu na mtoto mkononi. Kuwakutanisha kwanza na kupima baadaye ni kumpa kijana baba kwa wiki tatu kisha kumpokonya.

Siku yenyewe

Watu watano wanatosha: kijana, mzazi mmoja, mtu mmoja wa kumshika mkono mzazi huyo, mlezi mmoja, na afisa au mshauri nasaha. Wadogo zake, bibi, mjomba na mchungaji wote wasubiri. Ukoo wetu haupendi kusubiri, kwa hiyo tarehe isipelekwe kwenye kundi la WhatsApp la familia, na isiwe Krismasi wala Idi ambapo kila mtu yuko nyumbani na ana nafasi ya kupanda gari. Jumatano asubuhi hukusanya watu wachache.

Nyumbani kwa mama hapafai kwa mara ya kwanza. Majirani watachungulia, watoto watajaa mlangoni, kuku atachinjwa, na kijana hataweza kuondoka bila kuonekana amekataa chakula cha watu. Nyumbani kwa mlezi ni vibaya zaidi: mama ataketi akihesabu makochi. Ofisi ya ustawi wa jamii ni salama, ila ina benchi la kusubiria pamoja na watu wenye kesi za matunzo, na mazungumzo yanasikika upande wa pili wa ukuta. Napendelea mgahawa mtulivu saa nne asubuhi, baada ya wanywa chai kuondoka na kabla ya wala wali kuja, au chumba cha mikutano cha parokia au cha shule iliyofunga. Pawe mbali na mtaa wa mama, ili asipite mtu wa kumwita Mama Neema.

Msiwaketishe wakitazamana uso kwa uso. Waketi kwenye kona ya meza, ambapo kila mmoja anaweza kumtazama mwenzake au kutazama pembeni bila kuonekana anakwepa. Kiti cha kijana kiwe upande wa mlango. Awe na nauli yake mfukoni na simu yenye chaji. Na muda utajwe mwanzoni kabisa: dakika 60, zisizidi 90. Mkutano usio na mwisho uliotajwa huisha pale mtu anapochoka, na anayechoka kwanza huonekana hajali.

Kijana ale kabla ya kutoka nyumbani. Tumbo tupu na wasiwasi havipatani, na akishakula hatalazimika kukubali wala kukataa kitu. Mezani iwepo chai, maandazi, maji.

Zawadi zina hatari zake. Mlezi anayeshusha mfuko wa mchele na ndoo ya mafuta ya kupikia mbele ya mama aliyemzaa anadhani anaonyesha shukrani. Mama anaona analipwa. Kitenge cha mama kwa kijana anayevaa jinzi kinageuka mtihani wa kushukuru. Kubalianeni mapema: nakala ya picha kila upande, basi.

Mezani

Shikamoo inatosha. Ni salamu anayompa mtu mzima yeyote, haimdai mapenzi, na inampa mama la kujibu. Kukumbatiana kuulizwe: "Naweza kukukumbatia?" Mama asipouliza, akamrukia na kumlilia begani, kijana hujikaza kama mlingoti, na wote wawili wataikumbuka ile hali ya mwili kwa miaka. Kupiga magoti kuomba msamaha kuzuiwe mapema, afisa amwambie mama waziwazi. Mtu mzima akikupigia magoti huna jibu jingine ila kumwinua na kusema "yameisha", na kwa kijana huyu ndiyo kwanza yanaanza.

Majina ya kuitana yaamuliwe kabla. Kama tayari ana mtu anayemwita "mama", anaweza kumwita huyu "mama" pamoja na jina lake, au jina la mahali: "mama wa Morogoro". Asilazimishwe. Na mama asimwite kwa jina la zamani bila kumwomba, hata kama jina hilo amelibeba moyoni miaka yote.

Mwacheni kijana atazame. Atatazama masikio, vidole, meno ya mbele, namna mama anavyoshika kikombe. Kwa aliyekua bila kufanana na mtu ndani ya nyumba, hili ni jambo zito, na linachukua dakika kadhaa za ukimya. Mlezi asiujaze ukimya huo kwa kusimulia matokeo ya darasa la saba.

Kisha lije swali la "kwa nini mlinitoa?". Majibu yanayoharibu yanajulikana. "Ni mipango ya Mungu" linamfungia mlango. "Ona ulivyonawiri, kwangu ungekufa njaa" linamdai shukrani. "Muulize baba yako" linamtuma kwa mtu asiyekuwepo. "Sikuwa na uwezo" ni kweli mara nyingi, lakini kijana anamwona Neema, aliyelelewa na mama huyuhuyu, na hesabu haikubali.

Jibu linalosaidia lina umri, mahali, watu na kitendo: "Nilikuwa na miaka 17, kidato cha tatu. Baba yangu aliniambia nichague mtoto au nyumba. Nilikaa nawe wiki sita kwa shangazi, nikakunyonyesha. Shangazi naye alikuwa na watoto watano. Nilisaini mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Neema nilimpata nikiwa nimeshaolewa na nina chumba changu." Inauma, ila inashikika, kijana anaweza kukasirikia kitu kinachojulikana. Mama alifanyie mazoezi na afisa mara mbili tatu, kwa sauti, mpaka aweze kulimaliza hata akilia katikati.

Kuna jibu moja la pekee: "Sikuridhia, nilinyang'anywa." Mama akilisema kwenye ziara ya afisa, mkutano usimame kwanza. Hiyo ni tuhuma inayohusu ridhaa iliyowasilishwa mahakamani, inahitaji kuchunguzwa na watu wa sheria, na kijana asiletwe kuwa shahidi wa kwanza.

Pande zote zina methali ya kurushiana. Wa upande huu watasema damu nzito kuliko maji. Wa upande ule, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Zote mbili zibaki nyumbani siku hiyo.

Simu ziwekwe mbali. Kama kijana anataka picha ya pamoja, ipigwe mwishoni kwa simu yake yeye. Picha iliyopigwa kwa simu ya mjomba itakuwa kwenye status kabla hamjafika stendi, na wenzake wa darasani wataijua kesho.

Mkutano ukivunjika

Kijana akisimama na kutoka, aachwe atoke. Amfuate mtu mmoja tu aliyepangwa kabla, asimsemeshe, wasimame naye nje dakika kumi hadi kumi na tano. Akitaka kurudi arudi. Asipotaka, mkutano umeisha na hakuna kuitwa "walau uage". Tumezoea kwamba mtoto haondoki mbele ya wakubwa bila kuaga, na hapa ndipo mazoea hayo yanapogharimu: kijana anayerudishwa kwa nguvu kuomba radhi hatakubali mkutano wa pili.

Akitoa neno chungu, kwa mfano "wewe si mama yangu", mama asijitetee na mlezi asimkemee. Afisa anaweza kusema "amesikia", kisha wakae kimya. Mama akizidiwa, yule aliyekuja kumshika mkono amtoe nje. Kijana asigeuzwe mfariji wa mtu mzima. Mama aliyekuja peke yake anampa kijana mzigo huo bila kutaka.

Mlezi naye hupasuka, na upasukaji wake hauonekani haraka. Anatabasamu kwa saa nzima, halafu kwenye gari anasema, "Basi sasa umepata wa kwako." Sentensi hiyo hufuta miaka 15 ya malezi kwa namna ambayo hakukusudia. Mlezi anayejijua ana donge awe na wa kulitolea, mume, dada, mshauri, kabla ya siku hiyo. Njiani kurudi asiulize "umemwonaje?". Aulize kama ana njaa.

Mama mdogo kumbe ndiye mama

Wengi wa watoto wetu wanaolelewa na wasiowazaa hawajapita mahakamani. Wamelelewa na bibi, shangazi au mjomba, na mara nyingine "mama mdogo" anayekuja kila Desemba na nguo za sikukuu ndiye aliyemzaa. Hapo hakuna mkutano wa kwanza kwa maana ya kuonana. Wameonana mara nyingi, wamekula sahani moja. Kinachovunjika ni historia. Kijana anarudi nyuma akipitia kila Desemba: alipomwita "mama mdogo" yeye akaitika, alipoanguka akakimbilia kwa bibi mbele yake. Na binamu wote walijua.

Kwa hali hii mama asiwe ndiye wa kutamka. Atamke aliyemlea, mama akiwa karibu lakini nje ya chumba, na aingie kijana akimwita. Binamu watu wazima waambiwe siku hiyohiyo kwamba sasa anajua, ili asiwe na kazi ya kuwahadaa. Kijana mwambieni: "Mwite mama mdogo kama ulivyozoea." Kubadili jina la kumwita kunaweza kuchukua mwaka, au kusitokee kabisa.

Zanzibar, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011 inatambua kafala, na kwa familia za Kiislamu pwani yote hali hukaribiana na hiyo hata bila karatasi: mtoto analelewa, lakini ubini unabaki wa baba yake. Siri ya jina haipo, kwa hiyo mkutano huwa mwepesi upande huo. Uzito huja kwenye mirathi na umaharimu, yaani undugu unaozuia watu kuoana na hivyo kuwaruhusu kukaa pamoja bila stara. Kijana anayebalehe anajikuta si maharimu wa mama aliyemlea, isipokuwa kama alinyonyeshwa naye utotoni kwa masharti ya fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, na kwamba harithi kwake ila kwa wasia, usiozidi theluthi moja. Akiyasikia haya kwa mara ya kwanza siku anapokutana na baba mzazi, ataona anafukuzwa nyumba moja na kupelekwa nyingine. Yasemwe mapema, na sheikh anayeaminiwa na familia, kwa upole.

Wiki zinazofuata

Siku tatu za kwanza kijana anaweza kulala sana, kula kidogo, kukasirikia vitu visivyohusika, au kuwa mchangamfu kupita kiasi. Mpeni kazi za kawaida na msimtangaze. Lakini asipolala usiku kadhaa mfululizo, akianza kujikata, akigawa vitu vyake au akizungumzia kufa, apelekwe hospitali bila kungoja. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure, na yeye mwenyewe aijue.

Kisha kinaweza kuja kipindi cha fungate: anataka kwenda kila wikendi, mama anataka kumpigia kila usiku, kila upande unaona umepata ulichokikosa. Huwa hakidumu. Mmoja hupoa ghafla, mara nyingi kijana, na mama aliyekwisha kuwatangazia majirani anabaki na aibu. Ratiba huokoa hapa: mkutano wa pili baada ya wiki nne hadi sita, hata kama wote wanataka kesho, na simu moja kwa wiki yenye siku maalumu. Neema na wadogo zake waje mkutano wa tatu. Akikutana nao mapema mno atashindana nao. Akicheleweshwa sana, watamtafuta wenyewe TikTok.

Namba ya simu isitolewe siku ya kwanza. Namba ni mlango wa pesa pia: anayeiandika kwenye menyu ya kutuma pesa huonyeshwa jina la aliyesajili laini kabla hajathibitisha, na kwa kuwa laini ya aliye chini ya miaka 18 husajiliwa kwa jina la mzazi au mlezi, jina kamili la mlezi linajulikana kwa kubonyeza mara chache. Kwa miezi mitatu ya mwanzo ujumbe, picha na sauti vipitie kwa afisa au mshauri. Ni usumbufu, na vijana huulalamikia, lakini unazuia lile ombi la kwanza la pesa lisimfikie moja kwa moja.

Maana ombi litakuja, na mara nyingi ni la kweli: ada ya Neema, dawa za bibi, bati zilizoezuliwa na upepo. Kijana hana kipato. Akiombwa ataiba nyumbani, atauza simu, au atadanganya kuhusu michango ya shule, na mlezi akigundua atamlaumu mama. Kanuni iwekwe siku ya kwanza, mbele ya wote, na afisa ndiye aitamke: mambo ya fedha ni ya watu wazima kwa watu wazima, kijana hatumi, hapokei, hapelekewi ujumbe wa kupeleka. Mlezi akiamua kusaidia, atume mwenyewe, kwa kiasi alichoamua, na kijana asiambiwe ni kiasi gani.